Kisanduku cha Alama

Swali lilikuwa la nne kwenye fomu, na lilitengewa nafasi ya maneno mia tatu: kwa nini unataka kujiunga na mpango huu? Nilijibu kwa maneno mia mbili tisini na nane. Niliandika kwamba nina shauku ya kujifunza kwa wanawake waliotangulia katika teknolojia, kwamba natamani kufahamiana na wenzangu wa mataifa mengine, kwamba nikirudi nitawashika mkono wasichana wa Tabora. Yalikuwa maneno mazuri. La kweli lilikuwa moja tu, nalo ni Tabora.

Siku hizi wasichana wananifuata na fomu kama ile. Wanakaa kwenye kochi langu hapa mtaa wa Ng'ambo, mjini Tabora, simu mkononi, wananiambia, dada, tusaidie hapa pa swali la nne. Ninawasaidia. Ninawapa shauku, ninawapa mataifa, ninawapa kushikana mikono, na wengi wao wanachaguliwa. Mwezi uliopita mmoja wao, mwenye ulimi kuliko wenzake, aliniuliza mimi niliandika nini. Nikamwambia nimesahau. Sijasahau. Jibu la kweli ninalo, limenikaa kooni kama moshi wa kufukuzia nyuki, na leo nalitoa. Litazidi maneno mia tatu.

Kwetu ni kijiji cha Ipole. Baba yangu alikuwa mfuga nyuki, na alipofariki, mimi nikiwa kidato cha tatu, aliacha mizinga arobaini msituni, yote ya magome ya miyombo, yote kaitengeneza kwa mkono wake. Kwenye kifuniko cha kila mzinga alichonga alama: mistari mitatu iliyosimama na mmoja umelala chini yake, kama vidole vitatu juu ya meza. Kila mwenye mizinga ana alama yake, hata ndugu wa tumbo moja hawatumii moja. Ukipita msituni ukakuta mzinga umeangushwa na upepo, unatazama kifuniko, unajua ni wa nani, unampelekea habari. Mtu hahitaji kujua kusoma. Aliyegusa mzinga wenye alama ya mwenzake aliitwa mbele ya wazee, na aibu yake ilidumu kuliko faini.

Wazee walikaa siku ya arobaini, wakasema mizinga ibaki kwa mjane. Ipole nzima ilijua hivyo. Lakini kwetu mwanamke hapandi mtini kwenye mzinga, wala halali kambini msituni msimu wa kurina asali. Kwa hiyo mama yangu alirithi mali asiyoweza kuifikia. Baba mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja, ndiye aliyempandia. Alirina, akachukua fungu lake, akamletea mama masega, na mama akachuja. Kazi ya mwanamke ilianzia hapo kwenye kuchuja, na mama alikuwa na pua ya ajabu. Alinusa ndoo akakuambia nyuki hawa walikula maua ya mti gani na mzinga ulikuwa upande gani wa bonde. Asali ile ndiyo iliyonimalizia kidato cha nne, ikanipeleka cha tano, ikanipeleka chuo Dodoma.

Kompyuta nilikuwa nimeishika mapema, hapa hapa Ng'ambo, nilipokuja kukaa kwa shangazi ili nisome. Kulikuwa na duka la kuchapa barua na kutoa kopi, la mama mmoja wa Kihindi, mkali, ambaye alikuwa haniruhusu kugusa mashine mpaka nifagie. Nikifagia, ananiachia kiti saa nzima. Sijawahi kupata mwalimu mwingine aliyekuwa mkweli kiasi kile kuhusu bei ya elimu.

Nilipomaliza chuo nilipata kazi mjini, kwenye chama kimoja cha kukusanya na kuuza asali. Sitakitaja. Kitengo cha TEHAMA kilikuwa na wanaume wanne na mimi. Asubuhi niliandika programu, saa nne nilichemsha chai, saa tano niliandika programu. Sikumbuki nani aliniambia nichemshe chai. Nakumbuka tu kwamba siku niliyoacha kuchemsha, watu watatu waliniuliza kama ninaumwa.

Basi wanunuzi wa nje wakataka kujua kila ndoo ya asali imetoka mzinga upi, wa nani, sehemu gani ya msitu. Chama kikaamua kutengeneza mfumo. Makarani wangekwenda msituni na simu, wapige picha kila mzinga, setilaiti iseme ulipo, kisha waandike jina la mwenyewe na namba ya kitambulisho chake cha taifa. Sehemu kubwa ya mfumo huo niliiandika mimi. Hilo halibishaniwi hata na wale waliokuwa wakibishana na mimi kila kitu.

Nilipokuwa naandika ule ukurasa wa usajili, nikaona shimo. Karani akifika msituni atamkuta nani chini ya mti? Atamkuta anayepanda. Atamuuliza jina, atamwandika. Na anayepanda si lazima awe mwenye mzinga. Kuna wajane wengi Ipole, na kuna wanawake walionunua mizinga kwa pesa zao, na hakuna hata mmoja wao atakayekuwa pale karani akifika. Nikaongeza kisanduku kimoja kwenye fomu: alama iliyochongwa kwenye kifuniko. Karani aipige picha, na kabla jina halijaingia, alama ilinganishwe na orodha waliyo nayo wazee wa kijiji ya nani ana alama ipi. Chini ya kisanduku niliweka mchoro mdogo wa mfano ili makarani waelewe. Sikufikiri sana nichore nini. Nilichora mistari mitatu na mmoja umelala chini yake.

Nilikieleza kikaoni. Mkuu wa kitengo hakuwa mtu mbaya, na ninalisema hili kwa kusitasita maana lingekuwa jambo jepesi kama angekuwa mbaya. Alikuja msibani shangazi alipofariki, akakaa mkekani na viatu vyake alivyovipiga rangi kavishika mkononi. Lakini siku ile alicheka. Alisema wanunuzi hawa ni watu wa setilaiti, mimi ninawaletea michoro ya porini. Wengine nao wakacheka. Kisha akamgeukia mwenzetu mmoja, aliyewahi kwenda kozi ya wiki tatu bara la Asia, akamuuliza, "Wewe uliyetoka nje, unaonaje?"

Yule bwana alikuwa hawezi kusoma mstari hata mmoja wa nilichoandika. Alikuwa akiniomba nimrekebishie printa. Alijiweka sawa kwenye kiti akasema huko nje hakuonyeshwa habari za alama. Mjadala ukaishia hapo, na mimi nikaulizwa kama chai iko tayari.

Kwetu Unyamwezini kuna jambo la zamani ambalo kila mtoto wa Tabora hulisikia kabla hajajua maana yake. Enzi za misafara, kijana aliyekuwa hajabeba mzigo kutoka hapa hadi pwani na kurudi hakuhesabiwa mtu mzima. Hakuoa kwa urahisi, na wanaume wakizungumza yeye alinyamaza. Bibi yangu alikuwa akimdharau jirani yetu, mzee wa watu mwenye wajukuu, kwa kusema kwamba babu yake hakuwahi kulamba chumvi ya bahari. Nilipokuwa mtoto nilicheka. Siku ile kikaoni sikucheka tena. Treni inapita, ndege inatua, watu tuna simu za kioo, na desturi ni ile ile: nenda kwanza mbali, ukirudi ndipo tutakusikiliza, hata kama ulichobeba kilikuwa mzigo wa mtu mwingine.

Hiyo ndiyo sababu. Sikuwa na shauku. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na mama mwenye mizinga arobaini isiyokuwa na jina lake popote. Nilitaka kwenda nje nirudi, ili nikisema neno lile lile lisikike kabla mizinga haijaandikwa. Niliona tangazo la mpango wa wanawake wa teknolojia, miezi minne, nauli yao, malazi yao, na kila mmoja anapewa mwanamke mzoefu wa kumwongoza. Nikajaza.

Nikachaguliwa. Ikabaki barua ya ruhusa kutoka kazini, yenye sahihi ya mkuu wa kitengo.

Nilimpelekea barua ofisini kwake. Aliisoma mara mbili, akanipongeza, na nadhani alifurahi kweli. Halafu akafungua mfumo kwenye kompyuta yake, ule wa majaribio. Nilikuwa sijakiondoa kile kisanduku. Baada ya kikao nilikuwa nimekiacha kimya kimya, nikitumaini kwamba usajili utaanza hivyo hivyo na hakuna atakayejali. Akakiona. Hakupandisha sauti. Alisema, "Safisha hapa kwanza, ndipo nisaini. Sitaki uniachie mambo nusu nusu."

Ningeweza kukataa. Miaka yote hii nimejaribu kujiambia kwamba nisingeweza, na sijafanikiwa. Nilivuta kiti upande wake wa meza, nikafuta kisanduku kwa mkono wangu, nikahifadhi. Ilichukua muda mfupi kuliko kumimina chai. Akasaini. Nikamshukuru.

Wiki moja kabla ya safari nilikwenda Ipole kuaga. Mama alikuwa jikoni akichemsha matobolwa, viazi vyetu vile vya kukausha, na kambini wanaume walikuwa wameanza kujiandaa kwa msimu. Habari za usajili zilikuwa zimefika kijijini. Walisema makarani watakuja wakati wa kurina, watu wote wakiwa msituni. Mama hakuwahi kuelewa hasa kazi yangu ni nini, lakini swali lake lilikwenda moja kwa moja kwenye shimo nililoliona mimi.

"Watajuaje kuwa ni mizinga yangu?"

Nikamweleza yote. Nilimweleza kisanduku, na alama, na kicheko cha kikaoni, na barua. Alisikiliza huku akigeuza viazi. Mama yangu alikuwa na namna ya kusikiliza, hakukatizi, na ukimaliza unaona aibu kwa yale uliyoyaruka.

"Si ukirudishe kwanza ndipo uende?"

"Nikikirudisha wataifuta ruhusa. Nikishatoka nje na kurudi, watanisikia. Kitu cha miezi minne, mama."

"Na wao makarani watakuja lini?"

Nilijua watakuja lini. Ratiba niliichapa mimi. Nikasema mambo ya serikali na vyama huchelewa, asiwe na wasiwasi, na baba mdogo yupo. Akanifungia chupa ya asali kwa mfuko wa nailoni mara tatu ili isimwagike kwenye nguo zangu za Ulaya. Ndivyo alivyoziita, ingawa nilizinunua mtumba pale mjini.

Nchi niliyokwenda ilikuwa ya baridi na ya watu wapole. Tulikuwa wanawake kumi na wanne kutoka mataifa mbalimbali. Wiki ya kwanza tulisimama mbele ya kamera, mmoja mmoja, tukaeleza kwa nini tulijiunga, na wote tulikuwa na shauku. Wiki ya tatu, mezani, tukila wali tuliokuwa tukiupika kwa zamu, ukweli ulianza kutoka. Mmoja alikuja kwa sababu kazini kwao kila alichoandika kilipelekwa kwa bosi na jina la mwanaume. Mmoja alikuja kwa sababu aliomba kompyuta mpya miaka miwili akaambiwa asubiri, na hapa waligawa kompyuta mlangoni. Mmoja alikuja ili kaka zake waone picha yake gazetini waache kumtafutia mchumba. Mama mmoja mtu mzima, mhandisi wa minara ya simu, alisema yeye alitaka tu miezi minne ya kutoitwa "binti". Tulicheka mpaka majirani wakachungulia. Hakuna hata mmoja aliyesema alikuja kujifunza, ingawa wote tulijifunza, na wote tulikuwa tukijua kazi kabla ya kuja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Sisi wenyeji tulikuwa tumefunga safari ili turudi tukiwa wageni.

Mwanamke aliyepangiwa kuniongoza alikuwa na miaka zaidi ya sitini, nywele nyeupe zilizokatwa kama za mvulana, na alikuwa ameandika programu tangu zama za mashine kubwa kama kabati. Siku ya pili alitaka kuona kazi yangu. Nikamfungulia mfumo wa asali. Sasa, asiyejua kazi hii ajue jambo moja: programu haisahau. Kila kilichoongezwa na kila kilichofutwa kinabaki kwenye kumbukumbu, pamoja na jina la aliyefanya na saa. Yule mama alisoma nyuma kwa utulivu, kama mtu anayechambua mchele, akafika pale.

Akaniuliza hiki kisanduku kilikuwa cha nini. Nikamweleza. Akasema ndicho kitu chenye akili kuliko vyote alivyoviona humo. Kisha akaniuliza nani alikifuta, ingawa jina langu lilikuwa mbele yake kwenye kioo. Nikasema ni mimi. Akaniuliza kwa nini, nikasema ili nipate kuja hapa.

Hakunipa nasaha yoyote. Alivua miwani. Alisema kwamba kwa miaka kumi na tano wazo lake lolote alilitanguliza kwa mwanaume mmoja wa chumba cha pili, mtu mwema, ambaye alilisema kikaoni kwa niaba yake, na kwamba mtu huyo alistaafu na heshima nyingi. "Nitakuandikia barua," alisema. "Watakisikia kisanduku chako. Si kwa sababu najua chochote kuhusu nyuki."

Alikuwa anaandika barua hiyo, siku zile zile, mama aliponipigia. Mtandao ulikuwa ukikatika. Nilimsikia kwa vipande. Makarani walikuwa wamekuja na kuondoka.

Habari kamili niliipata baadaye, na hata leo siwezi kumwita baba mdogo mwizi kwa moyo mmoja. Karani alimkuta chini ya mti, akamuuliza mizinga hii ya nani. Akajibu ya marehemu kaka yake. Karani akasema mfumo haupokei marehemu. Baba mdogo akasema basi ni ya shemeji yake, mjane. Karani akauliza yuko wapi na kitambulisho chake kiko wapi. Yuko kijijini, na kitambulisho kiko kwenye sanduku lake kijijini, na kijiji kiko mbali, na karani alikuwa na mizinga mingine mingi kabla ya jua kuzama. Akamwambia, mzee, nipe chako tuendelee. Akampa. Mizinga arobaini ikaingia kwa jina lake.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Lakini mchovya asali hachovyi mara moja. Msimu ule alimletea mama masega kama kawaida. Mama alichuja, akapeleka ndoo kwenye kituo cha chama cha kupokelea asali kama kila mwaka, na pale dirishani kijana mwenye adabu zake akabonyeza, akabonyeza tena, akamwambia, "Mfumo haukutambui, mama." Ikabidi aitwe baba mdogo ndipo asali ipokelewe. Asali ikapokelewa kwa jina lake, na malipo yakaingia kwenye simu yake. Mara ya kwanza alimkabidhi mama yote. Mara ya pili alimpa nusu, akasema mambo yamekuwa magumu. Baada ya hapo alianza kusema "mizinga yangu", kwanza kwa watu wa mbali, kisha mbele ya mama mwenyewe, na wazee waliokuwa wamekaa siku ya arobaini walisema wao hawawezi kubishana na kompyuta.

Mfumo haukutambui. Maneno hayo niliyaandika mimi. Nilikuwa nimeyachagua kwa uangalifu, nikidhani ni ya heshima kuliko "umekataliwa".

Nilirudi mwezi wa tisa, vumbi limejaa mjini. Kazini walinipokea kwa soda na keki. Mkuu wa kitengo alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita mtaalamu, na siku hiyo chai ilichemshwa na mtu mwingine. Niliwasilisha kikaoni. Sikubadili kitu. Nilisema maneno yale yale, karibu kwa mpangilio ule ule, ila safari hii nilikuwa na cheti chenye mhuri unaong'aa na barua ya yule mwanamke aliyeniongoza. Walitikisa vichwa. Yule bwana wa wiki tatu aliandika kwenye daftari. Mkuu wa kitengo alisema hilo la alama ni jambo ambalo yeye binafsi amekuwa akilifikiria siku nyingi. Kisanduku kilipitishwa kabla keki haijaisha.

Nikauliza kuhusu mizinga iliyokwisha kusajiliwa. Mkuu akasema hiyo haiguswi. Wanunuzi wameshapelekewa orodha. Kisanduku kitatumika kwa usajili mpya. Anayetaka jina libadilishwe, sharti yule aliyeandikwa akubali.

Nilikwenda kwa baba mdogo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alinikaribisha kwenye kiti, akamwita mkewe alete maji, na akaniambia kwamba yeye ndiye aliyeumwa na nyuki miaka yote ile, si mimi wala mama yangu. Alisema pia kwamba hakuiba, aliandikwa. Aliandikwa, na kalamu ilikuwa yangu.

Kisha nikaenda kwa mama. Alikuwa ameketi nje ya jiko akichambua mlenda. Nilitarajia anigombeze, na ningeshukuru. Aliniuliza habari za baridi. Aliniuliza kama asali ilifika salama. Nikamwambia kisanduku kimepita.

"Ulisema nini mpaka wakakubali?"

"Nilisema yale yale, mama."

"Yale uliyoniambia hapa jikoni?"

"Yale yale."

Alichambua kidogo, akatupa bua. "Mimi nilikusikia siku ile ile," alisema. Hakulisema kwa ukali. Nililia, mtu mzima na cheti changu, na yeye akaendelea kuchambua mpaka bakuli likajaa.

Mwaka uliofuata aliuza mbuzi wake, akamlipa fundi amtengenezee mizinga mitatu mipya. Alimtafuta kijana asiye ndugu wa kumpandia. Siku ya usajili mpya nilichukua ruhusa, nikampeleka ofisi ya kijiji mwenyewe, kitambulisho chake kikiwa kwenye khanga. Sikumwambia karani mimi ni nani. Nilitaka kuona mfumo unavyofanya kazi pasipo mtu kuniogopa. Karani alikuwa msichana, mpole, mmoja wa wale ambao watanijia siku moja na fomu. Aliandika jina la mama bila shida. Akapiga picha ya kitambulisho. Akafika kwenye kisanduku. Mizinga ilikuwa bado haijachongwa alama, kwa hiyo mwenyewe huichora kwanza kwenye kioo cha simu.

"Hapa sasa tunahitaji alama yako, mama. Iwe rahisi tu, kama hii." Akamgeuzia simu.

Mama aliinama akatazama. Alitazama kwa muda mrefu. Mistari mitatu imesimama, mmoja umelala chini yake. Kisanduku kilipopitishwa nilikirudisha jinsi kilivyokuwa, na mchoro wake, kwa haraka, kwa sababu mkuu alitaka kazi ionekane wiki ile ile. Nilikuwa sijafikiria tena. Kila karani wa kila kijiji alikuwa nao kwenye simu yake.

"Hii ni ya mume wangu," mama alisema.

"Hapana, mama," yule msichana alimjibu kwa upole, kama nilivyowafundisha makarani kwenye maelekezo niliyoyaandika. "Huu ni mfano tu. Wewe chora yako."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, hatua moja. Mimi niliyevuka bahari kutafuta wa kunisikia, nilishindwa kutoa neno. Mama hakugeuka kunitazama. Alifuta kidole kwenye khanga, akakiweka kwenye kioo, akachora mstari mmoja umesimama peke yake.

Msichana akamuuliza kama amemaliza. Mama akasema amemaliza.